Usaidizi Chanya wa Tabia kwa Watu wenye Ulemavu: Maswali na Majibu ya Kujiandaa kwa Mtihani

Marudio haya ni ya wanachuo wa elimu maalumu, ustawi wa jamii na uuguzi, pamoja na walimu walio kazini wanaojiendeleza. Soma swali, funika jibu, jibu kwa maneno yako, kisha linganisha. Wazo moja linapita katika majibu yote: tabia inayotusumbua humpatia mhusika kitu anachokihitaji, na wajibu wetu ni kumpa njia iliyo bora ya kukipata, ndani ya maisha yaliyo bora zaidi. Ukilishika wazo hilo, hata swali usilolitarajia utalikabili.

SEHEMU A: MISINGI NA HISTORIA

Swali la 1. Eleza maana ya Usaidizi Chanya wa Tabia. (Alama 4)

Jibu: Usaidizi Chanya wa Tabia (kuanzia hapa tutauita UCT) ni utaratibu wa kumsaidia mtu mwenye tabia zenye changamoto kwa kuchunguza sababu za tabia hizo, kurekebisha mazingira, kumfundisha stadi mpya na kuinua ubora wa maisha yake. Jibu lenye alama zote hutaja mambo haya:

(a) Hutegemea uchunguzi na kumbukumbu zilizoandikwa, haubahatishi.
(b) Hubadilisha kwanza mazingira na mwenendo wa watu wanaomzunguka mhusika.
(c) Hufundisha stadi inayochukua nafasi ya tabia yenye changamoto.
(d) Haukubali maumivu, vitisho wala udhalilishaji kuwa njia ya kumfundisha mtu.

Swali la 2. Ni tabia gani inayohesabiwa kuwa "yenye changamoto", na ipi haihesabiwi? (Alama 5)

Jibu: Tabia huwa na changamoto pale ukali wake, wingi wake au muda inaochukua unapohatarisha usalama wa mhusika au wa wengine, au unapomzuia kushiriki shuleni, nyumbani na katika jamii. Mifano ni kujigonga kichwa, kujing'ata, kupiga wenzake, kuvunja vitu, kula visivyoliwa na kutoroka kuelekea barabarani.

Tabia isiyo ya kawaida machoni petu haiwi tatizo kwa sababu hiyo peke yake. Mtoto mwenye usonji anayepunga viganja akifurahi, au kijana anayerudia maneno aliyoyasikia redioni, hamuumizi mtu. Kumfundisha aache ili tu afanane na wengine ni kumwondolea njia yake ya kujituliza. Mtahiniwa anayeona mpaka huu hupata alama ambazo wengi huzikosa.

Swali la 3. Taja na ufafanue mizizi mitatu ya UCT. (Alama 9)

Jibu:

(i) *Sayansi ya uchambuzi wa tabia.* B. F. Skinner alionyesha kwamba tabia huongezeka au hupungua kutokana na matokeo yanayoifuata. Mwaka 1968 lilianzishwa jarida la kisayansi la kutumia maarifa hayo katika matatizo halisi ya watu. Njia hii ilikuwa na nguvu, lakini ilitumiwa pia kwa ukatili: katika miaka ya 1960 Ivar Lovaas, wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, alitumia hata shoti za umeme kwa watoto wenye usonji.

(ii) *Vuguvugu la maisha ya kawaida.* Bengt Nirje wa Sweden mwaka 1969, kisha Wolf Wolfensberger mwaka 1972, walitetea haki ya watu wenye ulemavu wa akili kuishi siku, wiki na mwaka kama raia wengine. Nchini Marekani, picha za televisheni za mwaka 1972 zilianika hali ya taasisi ya Willowbrook, New York, ambamo maelfu ya watu walirundikwa katika uchafu. Taasisi hiyo ilifungwa mwaka 1987.

(iii) *Kuheshimu matakwa na maadili ya mhusika.* Mpango hutengenezwa pamoja na mhusika na familia yake, kwa kufuata mambo wanayoyathamini wao.

Mizizi hii iliungana mwaka 1990, Robert Horner na wenzake walipochapisha makala ya kutetea usaidizi wa tabia usiotumia maumivu. Mwaka 1997 sheria ya elimu ya watu wenye ulemavu ya Marekani ilizitaka timu za shule zifikirie mbinu chanya pale tabia ya mwanafunzi inapozuia kujifunza.

Swali la 4. Tofautisha uimarishaji chanya, uimarishaji hasi na adhabu kwa mifano. (Alama 6)

Jibu: *Uimarishaji chanya* ni kupata kitu baada ya tabia, na tabia hiyo ikaongezeka: mtoto analia dukani, ananunuliwa pipi, kesho analia tena. *Uimarishaji hasi* ni kuondokewa na kero baada ya tabia, na tabia ikaongezeka: mwanafunzi anachana daftari, hesabu zinaondolewa, kesho anachana tena. *Adhabu*, kitaalamu, ni tokeo lolote linaloifanya tabia ipungue.

Kosa la kila mwaka ni kudhani uimarishaji hasi ni adhabu. Uimarishaji, uwe chanya au hasi, siku zote *huongeza* tabia. Kumbuka pia kwamba watu wazima nao huimarishwa. Mwalimu anayemtoa nje mtoto mwenye kelele anapata utulivu papo hapo, kwa hiyo atamtoa tena kesho, hata kama tabia ya mtoto inazidi mwezi hadi mwezi.

SEHEMU B: KUCHUNGUZA TABIA

Swali la 5. Kwa nini uchunguzi wa afya hutangulia mpango wa tabia? (Alama 5)

Jibu: Kwa sababu maumivu hujitokeza kama tabia, hasa kwa mtu asiyeongea. Anayepiga sikio lake anaweza kuwa na uvimbe wa sikio. Anayekataa chakula na kusukuma sahani anaweza kuwa na jino bovu. Kufunga choo, maumivu ya hedhi, vidonda vya tumbo na usingizi mbovu huongeza hasira na kujiumiza. Anayekodoa macho na kunyamaza ghafla kwa sekunde chache anaweza kuwa na kifafa cha aina isiyoangusha, nasi tukamwita mvivu. Anayekataa kusoma ubaoni huenda haoni.

Yapo pia magonjwa ya kurithi yanayoambatana na tabia mahususi. Ugonjwa wa Lesch-Nyhan huandamana na kujing'ata midomo na vidole, na ule wa Prader-Willi huleta njaa isiyoshiba. Kumfokea mtu wa namna hii aache ni kumdai asilo na uwezo nalo.

Swali la 6. Taja dhima nne za tabia zenye changamoto, kila moja na mfano wake. (Alama 8)

Jibu:

1. *Kupata uangalizi wa watu.* Binti anapiga meza mama anapoongea na mgeni, na mama anamgeukia.
2. *Kupata kitu au shughuli.* Kijana anamsukuma mwenzake ili apate mpira.
3. *Kukwepa au kukomesha jambo.* Mwanafunzi anajitupa sakafuni wakati wa kunakili, na kunakili kunasimama.
4. *Hisia za mwili.* Mtoto anajitikisa au kusugua macho hata akiwa peke yake, kwa kuwa hisia yenyewe humtuliza au kumpunguzia maumivu.

Tabia moja inaweza kuwa na dhima mbili kwa mtu yuleyule. Watu wawili wanaweza kuwa na tabia inayofanana kwa macho huku dhima zao zikiwa mbalimbali. Ndiyo maana hakuna "dawa ya kujigonga kichwa" inayowafaa wote.

Swali la 7. Watafiti walithibitishaje kwamba tabia ina dhima? (Alama 6)

Jibu: Mwaka 1977 Edward Carr alipitia maarifa yaliyokuwepo kuhusu kujiumiza, akaonyesha kwamba vyanzo vyake ni vingi na kwamba tiba lazima ifuate chanzo. Mwaka 1982 Brian Iwata na wenzake, mjini Baltimore, waliwachunguza watu 9 waliokuwa wakijiumiza. Kila mmoja aliwekwa kwa vipindi vifupi katika hali nne: kuonyeshwa uangalizi anapojiumiza, kupewa kazi za masomo, kuwa peke yake, na kucheza kwa uhuru bila madai. Kwa wengi wao kujiumiza kulipanda katika hali fulani na kushuka katika nyingine.

Mwaka 1994 timu ya Iwata ilichapisha matokeo ya watu 152. Kukwepa madai kuliongoza kwa takribani asilimia 38. Kupata uangalizi au vitu kulikuwa na takribani asilimia 26, na hisia za mwili asilimia 26. Fikiria uzito wa takwimu hizo: kundi kubwa kuliko mengine lilikuwa likisema "hili limenishinda" kwa njia pekee iliyosikilizwa.

Angalizo: jaribio la namna hii hufanywa na mtaalamu aliyefunzwa, chini ya uangalizi wa afya. Mwalimu wa darasani hutumia mahojiano na jedwali la kumbukumbu.

Swali la 8. Onyesha jinsi ya kuandika kumbukumbu za Kabla–Tabia–Baada. (Alama 6)

Jibu: Chora jedwali lenye tarehe, saa, mahali na safu tatu. *Kabla* ni kilichotokea muda mfupi kabla ya tabia: nani alikuwepo, aliambiwa nini, sauti gani ilisikika. *Tabia* ni alichofanya kwa macho ya mtu yeyote. *Baada* ni kilichofuata: watu walifanya nini, alipata nini, aliepuka nini.

Andika kinachoonekana na kuhesabika. "Alikuwa mkorofi" haifai. "Alimpiga mwenzake begani kwa kiganja mara tatu" inafaa. Ukimpa mwalimu mwingine maelezo yako, naye aweze kuhesabu matukio yaleyale. Kutegemea aina ya tabia, pima idadi, muda, ukali, au muda unaopita kati ya agizo na utekelezaji. Andika pia saa ambazo tabia *haikutokea*: mahali ambapo mtu yuko sawa panakufundisha anachohitaji.

Swali la 9. Tofautisha kichochezi na hali ya msingi. (Alama 4)

Jibu: Kichochezi hutangulia tabia papo hapo, mfano agizo la "andika". Hali ya msingi hutokea mapema zaidi, au huendelea kwa muda, na kumfanya mtu ashindwe kukivumilia kichochezi ambacho jana alikivumilia: kukosa usingizi, njaa, joto, msiba nyumbani, kubadilishiwa dawa, mlezi aliyemzoea kuondoka. Anayeona kichochezi peke yake atabaki kusema mtoto "habadiliki, hatabiriki", kumbe siku zake mbaya zina mpangilio.

SEHEMU C: KUTENGENEZA NA KUTEKELEZA MPANGO

Swali la 10. Fafanua sehemu tatu za mpango wa UCT. (Alama 9)

Jibu:

*Kuzuia.* Badilisha mazingira ili tabia isihitajike. Gawa kazi ndefu vipande vifupi, onyesha ratiba ya siku kwa picha, toa taarifa kabla ya kubadilisha shughuli, punguza kelele, mpe mhusika nafasi ya kuchagua. Kuchagua rangi ya kalamu ni jambo dogo kwako. Kwa mtu ambaye kila kitu huamuliwa na wengine, ni heshima.

*Kufundisha.* Mfundishe njia nyingine ya kupata kilekile alichokipata kwa tabia ya zamani, kisha stadi pana kama kusubiri, kujihudumia na kucheza na wenzake.

*Kuitikia.* Watu wote wakubaliane watafanya nini stadi mpya inapotumika, na nini tabia ya zamani inapojitokeza. Mwalimu, mpishi, dereva wa basi la shule na bibi nyumbani wote wanahitaji kuujua mpango, kwa lugha nyepesi na ukurasa usiozidi mmoja.

Swali la 11. Tabia mbadala inapaswa kutimiza masharti gani? Tetea jibu kwa utafiti. (Alama 8)

Jibu: Masharti ni manne. Itimize dhima ileile. Iwe rahisi kuliko tabia ya zamani. Ilete jibu haraka na kwa uhakika. Ieleweke na watu wengi, hata wasio wataalamu.

Utafiti wa kutaja ni wa Carr na Durand wa mwaka 1985, uliohusisha watoto 4 wenye ulemavu wa maendeleo. Waliosumbuliwa na kazi ngumu walifundishwa kueleza kwamba hawajaelewa, nao wakasaidiwa. Waliokosa uangalizi walifundishwa kuuliza kama wanafanya vizuri, nao wakasifiwa. Tabia zenye changamoto zilishuka sana. Walipofundishwa sentensi isiyolingana na dhima, hazikushuka. Hapo ndipo uthibitisho ulipo: kilichosaidia hakikuwa kuzungumza kwenyewe, bali kuweza kuomba kile hasa walichokihitaji.

Njia ya kuomba si lazima iwe sauti. Inaweza kuwa ishara ya mkono, lugha ya alama, kadi ya picha, au kifaa chenye kitufe. Mfumo wa kubadilishana picha, uliobuniwa na Andy Bondy na Lori Frost nchini Marekani mwaka 1985, huweza kuanza na kadi chache tu. Kwa shule isiyo na fedha, boksi lililokatwa na mchoro wa mkono hutosha.

Swali la 12. Kuna hatari gani katika kupuuza tabia ili izimike? (Alama 5)

Jibu: Kwanza, tabia iliyozoea kuzaa matunda, inapopuuzwa, inaweza kupanda kabla ya kushuka. Mlezi akikubali kushindwa katika kilele hicho, amemfundisha mhusika kwamba ukali zaidi ndio unaolipa. Pili, tabia ya hisia za mwili haizimwi kwa kupuuzwa, kwa kuwa haikutegemea watu. Tatu, mtu anayejiumiza hawezi kuachwa aumie. Nne, kupuuza hakufundishi kitu. Kwa hiyo kuzimisha hakutumiki peke yake. Kwanza ombi jipya lijibiwe kwa ukarimu, ndipo ile njia ya zamani ipoteze faida.

Swali la 13. Mwanafunzi amelipuka na anatupa viti. Eleza hatua za kuchukua. (Alama 6)

Jibu: Waondoe wenzake kwa utulivu. Ondoa vitu vya hatari. Simama kando, usimzibe njia ya kutoka. Punguza maneno, sauti nyingi wakati huo ni mzigo. Usimguse isipokuwa pana hatari ya jeraha la papo hapo. Mpe muda, kisha shughuli rahisi aipendayo. Kamwe usimlaze kifudifudi na kumkandamiza, maana watu wamekufa kwa kukosa pumzi wakiwa wameshikwa hivyo. Akitulia, usianze kumhoji wala kumlazimisha aombe radhi hapohapo. Andika tukio siku hiyohiyo, ijulishe familia, na timu iulize ni dalili gani za mwanzo zilipitwa. Wakati wa mlipuko tunalinda usalama. Kufundisha kunasubiri saa za utulivu.

SEHEMU D: HAKI, SHERIA NA MAADILI

Swali la 14. Taja aina tano za vizuizi, na masharti ya kuvitumia. (Alama 10)

Jibu: Kanuni za Australia za mwaka 2018, chini ya mpango wake wa taifa wa bima ya ulemavu, hutambua aina tano:

1. Kumtenga mtu peke yake mahali asipoweza kutoka.
2. Kumtuliza kwa dawa isiyotibu ugonjwa alionao.
3. Kumfunga kwa kifaa, kama mkanda au kamba.
4. Kumshika mwili kwa nguvu.
5. Kumwekea mipaka ya mazingira, kama kufunga jiko au kabati.

Vizuizi vinavyodhibitiwa humo huwa chaguo la mwisho, kwa hatari halisi, kwa kiwango kidogo na muda mfupi kadiri iwezekanavyo. Huandikwa katika mpango, hutolewa taarifa, na huwa na mkakati wa kuvipunguza hadi viishe.

Huku kwetu vizuizi havina majina ya kitaalamu, lakini vipo: mlango wa chumba cha nyuma unaofungwa mgeni akija, kamba mguuni mama akienda shamba. Ripoti ya Human Rights Watch ya Oktoba 2020 ilionyesha watu wenye changamoto za afya ya akili wakifungwa minyororo au kufungiwa ndani katika nchi takribani 60, Kenya ikiwemo. Mara nyingi familia inayofanya hivyo imechoka na imeachwa peke yake. Afisa ustawi anayefika na lawama bila msaada ataikuta kamba imerudi wiki inayofuata.

Swali la 15. "Mchelea mwana kulia, hulia yeye." Walezi wengi huitumia methali hii kutetea kiboko. Jadili kwa kuzingatia wanafunzi wenye ulemavu wa akili. (Alama 10)

Jibu: Methali inahimiza malezi yenye mipaka, na UCT hauipingi mipaka. Ratiba, kanuni zinazoeleweka na matarajio yasiyoyumba ni sehemu ya mpango. Kinachopingwa ni kipigo, kwa hoja hizi:

(a) Kiboko hakimwonyeshi mtoto afanye nini badala yake.
(b) Mtoto mwenye ulemavu wa akili anaweza asiunganishe kipigo na kosa, hasa kikicheleweshwa. Anachokumbuka ni nani aliyempiga.
(c) Kama dhima ni kukwepa darasa, kuitwa nje kuadhibiwa humpa alichokitafuta.
(d) Hofu huzaa utoro, uongo na kuwapiga walio wadogo.
(e) Anayeteseka kimwili, kwa mfano kwa sikio au jino, huadhibiwa kwa kuumwa.
(f) Hakuwa na njia ya kujieleza. Akipigwa, hata ile aliyokuwa nayo inafungwa.

Hitimisho: tusiogope mtoto kulia anapojifunza kusubiri au kushindwa mchezo. Machozi ya kupigwa hayana elimu ndani yake.

Swali la 16. Ni sheria zipi zinazounga mkono UCT katika Afrika Mashariki? (Alama 8)

Jibu: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa tarehe 13 Desemba 2006 na kuanza kutumika 3 Mei 2008. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Vifungu vya kukariri: 14 (ulemavu hauwezi kuwa sababu ya kumnyima mtu uhuru), 15 (kutoteswa), 16 (kulindwa dhidi ya ukatili), 17 (heshima ya mwili na akili), 19 (kuishi katika jamii) na 24 (elimu jumuishi).

Kenya: Katiba ya 2010, ibara ya 29, inakataza adhabu ya viboko, na ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa utu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza adhabu ya kimwili na mateso ya akili kwa mwanafunzi.

Tanzania: Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda utu na haki ya elimu na huduma. Kwa Tanzania Bara kanuni za shule bado zinaruhusu viboko kwa masharti, ila hazimlazimishi mwalimu kuvitumia. Mwalimu mwenye mpango wa UCT havunji kanuni yoyote kwa kuacha kiboko.

Swali la 17. "Dawa za kutuliza ndiyo suluhisho la haraka la ukali." Tathmini kauli hii. (Alama 8)

Jibu: Dawa zina nafasi pale ugonjwa wa akili au kifafa umethibitishwa. Kwa ukali peke yake, ushahidi ni dhaifu. Utafiti wa Peter Tyrer na wenzake, uliochapishwa katika jarida la *The Lancet* mwaka 2008, uliwagawa watu wazima 86 wenye ulemavu wa akili katika makundi matatu: haloperidol, risperidone na kidonge kisicho na dawa. Baada ya wiki 4 ukali ulipungua katika makundi yote, na kundi la kidonge kisicho na dawa lilipungua zaidi, kwa asilimia 79.

Mwaka 2015 ilikadiriwa kwamba nchini Uingereza watu wazima wenye ulemavu wa akili kati ya 30,000 na 35,000 walikuwa wakipewa dawa za akili bila sababu ya kitabibu inayoridhisha. Mwaka uliofuata ilianza kampeni ya kitaifa ya kuzipunguza. Hupunguzwa polepole chini ya daktari. Mlezi asizikatize mwenyewe.

Taja pia Winterbourne View, hospitali binafsi karibu na Bristol. Mwezi Mei 2011 kamera ya siri ya BBC ilionyesha wafanyakazi wakiwapiga na kuwadhalilisha wagonjwa wenye ulemavu. Hospitali ilifungwa mwaka huohuo. Watu 11 walihukumiwa mwaka 2012, na 6 kati yao walifungwa jela. Mahali watu wanapofichwa mbali na macho ya jamii, kizuizi hugeuka desturi upesi.

SEHEMU E: KISA CHA MAZOEZI (Alama 20)

*Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya zoezi.* Mvulana wa miaka 11 mwenye usonji, asiyeongea, anasoma katika kitengo cha elimu maalumu cha shule ya msingi. Hutupa daftari na kujing'ata mkono. Katika siku 10 za shule yameandikwa matukio 24: 17 wakati wa kunakili kutoka ubaoni, 4 kwenye foleni ya uji, na 3 nyakati nyingine. Katika matukio 19 alitolewa nje kukaa chini ya mwembe. Mama anasema usiku wa kuamkia siku 3 kati ya hizo hakulala; siku hizo zina matukio 12.

Swali la 18. Chambua takwimu, andika dhana ya dhima, na pendekeza mpango.

Jibu:

*Takwimu.* Wastani ni 24 ÷ 10 = matukio 2.4 kwa siku. Kunakili ni 17 ÷ 24 = asilimia 71. Kutolewa nje ni 19 ÷ 24 = asilimia 79. Siku za kukosa usingizi: 12 ÷ 3 = 4 kwa siku. Siku nyingine: 12 ÷ 7 = 1.7 kwa siku.

*Dhana.* Anapotakiwa kunakili kutoka ubaoni, hasa asipolala vizuri, hutupa daftari na kujing'ata. Hutolewa nje na kazi hukoma. Inaelekea dhima ni kukwepa. Usilazimishe foleni ya uji iingie humo. Huenda kelele, msongamano au kusubiri ndiko kunakomlemea. Foleni hiyo inahitaji kuangaliwa peke yake.

*Afya.* Apimwe macho, meno na masikio. Familia ishauriwe kuhusu usingizi, na asubuhi mama atume alama ndogo kwenye daftari la mawasiliano kama hakulala.

*Kuzuia.* Apewe kadi mezani yenye sentensi tatu fupi badala ya ubao. Achague aanze na ipi. Siku ya kukosa usingizi, sentensi moja inatosha. Kwenye uji, achukue mapema kabla ya foleni kujaa.

*Kufundisha.* Afundishwe kutoa kadi ya "mapumziko". Mwanzoni mwalimu msaidizi amwongoze mkono mara tu anapoonyesha dalili, na apewe dakika mbili chini ya mwembe *kila anapoitoa*. Baada ya wiki kadhaa, kadi iombwe baada ya sentensi moja, kisha mbili.

*Kuitikia.* Akitupa daftari, mkono ulindwe kwa utulivu, asifokewe, aonyeshwe kadi. Akiitumia, apumzike, kisha arudi kwenye kipande kifupi cha kazi.

*Kupima.* Kila siku: idadi ya matukio, kadi zilizotolewa, sentensi zilizoandikwa. Kila mwezi: je, anakula na wenzake? Anaweza kwenda sokoni na mama? Timu ikutane baada ya wiki nne. Kama hakuna mabadiliko, dhana irudiwe kuchunguzwa kabla ya kumlaumu mtoto.

SEHEMU F: INSHA

Swali la 19. Je, UCT hufanya kazi? Jadili kwa ushahidi wa pande zote. (Alama 15)

Jibu (muhtasari): Ushahidi wa kuunga mkono ni pamoja na mamia ya tafiti za mtu mmoja mmoja, na jaribio la Angela Hassiotis na wenzake la mwaka 2009 nchini Uingereza: kati ya watu 63, waliohudumiwa na timu ya wataalamu wa tabia walipungukiwa na tabia zenye changamoto kuliko wenzao. Upande wa pili, jaribio lao kubwa la mwaka 2018, lenye watu 246 katika huduma 23 za Uingereza, liliwafunza wafanyakazi UCT, na baada ya miezi 12 hapakuonekana tofauti na huduma ya kawaida.

Tafiti hizi mbili haziwezi kulinganishwa moja kwa moja, ila zina somo. Semina ya siku chache na cheti ukutani havitoshi. Panahitajika mtu mwenye ujuzi anayerudi mara kwa mara, muda wa kuandika kumbukumbu, na uongozi unaousimamia mpango. Isitoshe, watu wazima wenye usonji wameeleza jinsi mafunzo ya tabia yaliyolenga kuwafanya "wafanane na wengine" yalivyowaumiza. Hoja yao ni nzito, na jibu la haki ni kuwaweka mezani mpango unapoandikwa.

Swali la 20. Utajuaje kwamba mpango umefaulu? (Alama 5)

Jibu: Watahiniwa wengi huandika "tabia imepungua" na kuishia hapo. Mtu aliyelewa dawa, aliyefungiwa au aliyekata tamaa naye hana matukio. Mpango umefaulu pale tabia imepungua *na* mhusika ana njia ya kuomba inayojibiwa, anajifunza, ana marafiki, anatoka nyumbani, anachagua baadhi ya mambo ya siku yake, na familia yake imepumzika. Mtu akinyamaza huku maisha yake yamebaki finyu kama zamani, mpango huo haujafaulu, hata kama jedwali lina sifuri tupu.

Maswali ya kujipima (bila majibu)

1. Andika maelezo yanayopimika ya "ni mkali".
2. Mtoto anapiga kelele hata akiwa peke yake chumbani. Ni dhima gani utaichunguza kwanza, na utaondoaje uwezekano wa maumivu?
3. Toa mfano wa kizuizi cha mazingira nyumbani, na hatua tatu za kukiondoa.
4. Eleza jinsi mwalimu mwenyewe anavyoweza kuimarishwa kwa kumtoa mtoto darasani.
5. Mlezi anakataa mpango kwa kuwa "unamdekeza". Andika majibu yako kwake katika aya mbili za heshima.